Shingo Yenye Nguvu Isiyojua Ilipo

Mtu akilalamika leo kwamba shingo inamuuma, jibu liko tayari kabla hajamaliza kueleza: shingo yako ni dhaifu, ipe nguvu, maumivu yataondoka yenyewe. Zamani angeambiwa apumzike, avae kola, achuliwe kwa mafuta ya moto na abadilishe mto. Sasa upepo umegeuka. Walimu wa vyuma wanalihubiri, video fupi za simu zinalirudia, na hata katika baadhi ya vyumba vya fiziotherapia mgonjwa hukabidhiwa mpira wa kuvuta na kuambiwa ahamie mzito zaidi kila baada ya wiki kadhaa. Ni jibu lenye mvuto kwa sababu linaeleweka haraka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano hivi, kimesimama juu ya pingili saba, na kazi ya kukizuia kisiyumbe ni ya misuli. Misuli ikilegea, nani atashangaa mwenye nayo akiumia? Na wanaoumia si wachache. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalihesabu watu wapatao milioni 203 wenye maumivu ya shingo. Wingi huo unatosha kumfanya yeyote atamani dawa moja kwa wote.

Mimi nasema dawa hiyo ni nusu ya ukweli iliyopewa cheo cha ukweli mzima. Sipingi mazoezi, anayedai kwamba shingo yenye maumivu sugu inahitaji kulazwa tu hana ushahidi wa kusimamia. Ninachopinga ni imani kwamba kila zoezi la shingo lipimwe kwa mizani ya nguvu, na kwamba maumivu yakipungua basi kazi imekwisha. Mazoezi tofauti hufanya kazi tofauti ndani ya shingo ile ile. Maumivu, kwa bahati njema, hupungua kwa karibu yote. Lakini uwezo wa mtu kujua kichwa chake kimekaa wapi bila kukiangalia kwenye kioo ni jambo jingine, na ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba uwezo huo huja kwa mazoezi yanayodai usahihi, si kwa yanayodai jasho. Anayeyachanganya mawili haya humrudisha mgonjwa nyumbani akiwa na shingo nene, maumivu kidogo, na kasoro ambayo hakuna aliyeipima.

Nianze na ngome ya wapinzani wangu, maana si ngome ya udongo. Mwaka 2003 Jari Ylinen na wenzake wa Finland walichapisha katika jarida la JAMA jaribio lililodumu miezi 12, lililohusisha wanawake 180 wa kazi za ofisini, wote wenye maumivu sugu ya shingo. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya nguvu: mtu ameketi, mpira umezungushwa kichwani, anauvuta kuelekea pande tofauti kwa ukinzani wa asilimia 80 ya nguvu aliyo nayo. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya ustahimilivu: kulala na kuinua kichwa, kukishusha, kukiinua tena, pasipo mzigo mwingine zaidi ya kichwa chenyewe. Kundi la tatu, la kulinganishia, lilishauriwa kunyoosha misuli na kufanya mazoezi ya kawaida ya kutoa jasho. Mwaka ulipokwisha, nguvu ya kuinamisha shingo mbele ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 110 katika kundi la kwanza, 28 katika la pili na 10 katika la tatu. Waliosema maumivu yao yamepungua sana au yamekwisha kabisa walikuwa asilimia 73, 59 na 21, kwa mpangilio huo huo.

Watetezi wa nguvu husoma safu ya pili ya namba hizo, wakaona 73 imeishinda 59, wakafunga kitabu. Ukiweka safu zote mbili ubavu kwa ubavu, hadithi inabadilika. Kundi la nguvu liliongeza nguvu karibu mara nne ya kundi la ustahimilivu, lakini katika nafuu liliwazidi wenzao kwa pointi 14 tu. Kundi la ustahimilivu nalo liliwazidi wa kulinganishia kwa pointi 18 za nguvu tu, na bado nafuu yao ilipanda kutoka 21 hadi 59. Kama nguvu ndiyo dawa yenyewe, kipimo cha dawa na kiasi cha nafuu vingepanda pamoja. Havikupanda pamoja. Makundi yote mawili ya mazoezi yalikuwa na mambo ya pamoja ambayo hayahusiani na unene wa misuli: walifundishwa, walifuatiliwa, walifanya pia mazoezi ya mabega na mikono kwa vyuma vidogo, na walithubutu kuisogeza sehemu waliyokuwa wakiiogopa mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima. Kwa maoni yangu hapo ndipo sehemu kubwa ya nafuu ilipotoka.

Denmark ikatoa ushahidi mkali zaidi. Mwaka 2011 Lars Andersen na wenzake walichapisha katika jarida la Pain jaribio la watu 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Kundi moja lilivuta mpira kwa dakika 2 kwa siku, jingine kwa dakika 12, siku tano kwa wiki, kwa wiki 10. Ikilinganishwa na wasiofanya, maumivu kwenye kipimo cha 0 hadi 10 yalishuka kwa pointi 1.4 kwa wa dakika 2 na pointi 1.9 kwa wa dakika 12. Muda mara sita ulinunua nusu pointi. (Wanaosema hawana nafasi ya mazoezi wamekosa kisingizio hapa, lakini hilo ni jambo la kando.) Maumivu ni mtu mwepesi kuridhika, ukimpa kidogo anashukuru, ukimpa kingi anashukuru zaidi kidogo. Shahidi wa namna hiyo hawezi kutuambia zoezi gani limefanya nini mle ndani.

Basi tumwite shahidi mwingine. Chini ya fuvu, pale nywele zinapoishia kisogoni na kwenda ndani zaidi, kuna misuli midogo inayounganisha fuvu na pingili mbili za kwanza. Haiwezi kuinua chochote cha maana; hakuna mtu atakayeipigia picha kwenye chumba cha vyuma. Lakini waliohesabu vihisio vya mvutano ndani ya mmoja wa misuli hiyo walikuta zaidi ya 200 katika gramu moja, wingi ambao misuli mipana ya mabega haiukaribii hata kidogo. Habari zinazotoka hapo hukutana kwenye ubongo na zile za macho na za sikio la ndani, na kwa mkutano huo ndipo mtu hujua kwamba ni kichwa kilichogeuka na si chumba kilichozunguka. Kwa hiyo shingo ina kazi mbili, ya kubeba na ya kuarifu, na yule anayeshughulikia ya kwanza peke yake ameiacha nusu ya shingo bila mwangalizi. Maumivu yakikaa muda mrefu, taarifa hizo huanza kuharibika, na misuli ikichoka huharibika zaidi.

Kuharibika huko kunaonekana kwa macho, na kifaa chake ni cha bei nafuu. Mwaka 1991 Michel Revel na wenzake wa Ufaransa walieleza kipimo ambacho hadi leo kinatumika. Mtu anaketi sentimita 90 kutoka ukutani, amevaa kichwani taa inayotupa nukta ya mwanga kwenye karatasi yenye duara. Anaikumbuka nafasi ya kichwa chake kinapotazama mbele, anafumbwa macho, anageuza kichwa upande mmoja mpaka mwisho, kisha anakirudisha pale anapoamini kilianzia na kusema, hapa. Mpimaji anapima umbali kati ya nukta na katikati ya duara. Revel alipendekeza nyuzi 4.5 kuwa mpaka. Kwa umbali ule, hiyo ni kama sentimita 7 ukutani. Wenye maumivu sugu walikosea zaidi ya wazima. Na linaloshangaza ni kwamba mkoseaji hana habari: ameapa kwamba amerudi katikati, na akifunguliwa macho anakuta nukta iko kando kabisa.

Sasa swali ni zoezi gani linalirekebisha kosa hilo. Kazi nyingi nzuri katika jambo hili imetoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa Gwendolen Jull na wenzake. Zoezi lao linalojulikana zaidi lingemchekesha mnyanyua vyuma. Mtu analala chali, mfuko mdogo wa hewa unawekwa nyuma ya shingo na kujazwa hadi milimita 20 za zebaki. Anaombwa akubali kwa kichwa, taratibu, kama anayesema ndiyo bila kukiinua kitandani, mpaka mshale ufike 22, kisha 24, na hivyo hivyo hadi 30, na kila kiwango akishikilie bila kutetemeka. Lengo ni kuiamsha misuli ya ndani iliyolala mbele ya pingili, huku ile mikubwa ya pembeni inayotuna mtu anapojikakamua ikae kimya. Ili wajue kama misuli ya ndani inafanya kazi kweli, watafiti walipitisha waya wa kipimo puani mpaka ukutani mwa koo. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 2009, lenye watu 46, zoezi hili jepesi liliongeza kazi ya misuli ya ndani na kupunguza ya nje. Mazoezi ya nguvu hayakufanya hivyo. Mapema kidogo Deborah Falla na wenzake walikuwa wamewagawa wanawake 58 vivyo hivyo kwa wiki sita: makundi yote mawili yaliripoti maumivu kupungua, lakini walipoketishwa mbele ya kompyuta kwa dakika kumi, ni kundi la zoezi jepesi lililoweza zaidi kuzuia shingo isiteleze kwenda mbele. Matokeo hayo ndiyo mhimili wa hoja yangu yote. Maumivu yalisema makundi ni sawa. Mkao ukasema si sawa.

Kuhusu hisi ya mkao yenyewe, mwaka 2007 kikundi hicho hicho kiliwachukua wanawake 64 ambao, mbali na maumivu, walikuwa wamepimwa na kukutwa na kosa la kurudisha kichwa. Nusu walipewa zoezi la kukubali kwa kichwa. Nusu nyingine walifanyishwa kazi ya hisi moja kwa moja: kurudisha kichwa kwenye alama, kufuata kitu kwa macho huku kichwa kimetulia, kukaza macho mahali pamoja huku kichwa kikigeuka. Baada ya wiki sita makundi yote mawili yalikuwa na maumivu machache na makosa machache, na wa mazoezi ya hisi walitangulia kidogo katika kurudi kutoka upande wa kulia. Mpinzani wangu atarukia hapo: si unaona, hata zoezi la misuli limeleta hisi, basi tuimarishe tu! Lakini tazama ni zoezi gani lililoleta. Ni la mvuto mdogo kabisa, lenye mshale unaomsuta mtu akizidisha hata kidogo, linaloharibika pale anapoweka bidii. Limefaulu kwa sababu ni somo la usahihi lililovaa nguo za zoezi la misuli. Anayetaka kulitumia kuhalalisha mpira mzito ana wajibu wa kuleta jaribio ambamo mpira mzito ulipimwa kwa taa na karatasi.

Wapo watakaosema: hata hivyo, wenye maumivu sugu wana shingo dhaifu kweli, vipimo vinaonyesha. Vinaonyesha, nami sikatai. Lakini udhaifu unaokutwa baada ya maumivu hauwezi kutangazwa kuwa chanzo chake. Watafiti waliwahi kuwachoma watu wazima, wasio na tatizo lolote, maji ya chumvi kali kwenye misuli ya shingo ili kuwatia maumivu ya muda, na mpangilio wa kazi ya misuli yao ukabadilika papo hapo. Misuli haikusinyaa kwa dakika hizo. Ilipokea amri nyingine. Sehemu ya kinachoitwa udhaifu ni ubongo unaoilinda sehemu inayouma, na amri za ubongo hazibadilishwi kwa kuongeza mzigo peke yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kama maumivu yamepungua, mgonjwa anafanya kazi na analala vizuri, sentimita chache ukutani zina faida gani kwake? Kwa wengi, pengine ndogo. Lakini wapo ambao ndizo shida yenyewe. Mwaka 2003 Julia Treleaven na wenzake waliwapima watu 102 waliobaki na matatizo baada ya shingo kutikiswa ghafla katika ajali za magari. Wale waliokuwa na kizunguzungu na kuyumba walikuwa na makosa makubwa zaidi ya kurudisha kichwa kuliko wasiokuwa na kizunguzungu. Katika miji yetu, ambamo bodaboda na daladala hugongana kila siku, waathirika wa namna hiyo si wa kutafutwa kwa tochi. Mtu wa aina hii akipewa mpira na kuambiwa aongeze nguvu, anaweza kweli kupungukiwa na maumivu, kisha akageuza kichwa kuangalia gari kabla ya kuvuka barabara na dunia ikaenda mrama. Ataambiwa ana wasiwasi, au apime presha. Hakuna atakayemfumba macho na kumuuliza kichwa chako kiko wapi.

Kuna ushahidi mmoja unaonigonga mimi mwenyewe, na kuuficha kungekuwa hila. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Zoe Michaleff na wenzake wa Australia: watu 172 wenye maumivu sugu ya ajali za namna ile ile. Nusu walipewa vikao 20 vya programu kamili ya mazoezi, yakiwemo haya ya misuli ya ndani na ya hisi; nusu wakapewa kikao kimoja cha ushauri, kijitabu na msaada wa simu. Matokeo yakawa karibu sawa. Je, hoja yangu imezama? Naona imepata makali. Programu ile ilitolewa kama kifurushi kwa kila aliyekuja na maumivu, na kilichopimwa kama kipimo kikuu kilikuwa maumivu. Jaribio la wanawake 64 lilifanya kinyume: lilianza kwa kuwatafuta wenye kasoro, kisha likawatibu kasoro waliyo nayo. Si kila shingo inayouma imepotea njia, na hakuna sababu ya kumfundisha njia mtu ambaye hajaipoteza. Dosari ya kifurushi na dosari ya mpira mzito ni moja: vyote vinaanza kutibu kabla ya kuuliza.

Mwisho nitaletewa mama mwenye ndoo. Hoja hii haikosi katika mabishano ya Afrika Mashariki: mbona mama zetu hubeba maji kichwani na shingo zao ni imara kama nguzo? Mfano wenyewe umefanyiwa utafiti, tena hapa hapa. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo waliozoea kubeba juu ya kichwa, na wa Kikikuyu waliozoea kubeba kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Mwaka 1995 utafiti mwingine ukaeleza siri: wanatembea kwa namna inayopoteza nishati kidogo katika kila hatua. Siri ilikuwa katika mwendo. Haikuwa misuli iliyotuna. Na asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12, ilhali ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji kabla hujaihesabu ndoo yenyewe. Anayemtumia mama huyo kama tangazo la mazoezi ya nguvu angemuuliza kwanza shingo yake jioni.

Sasa kwa wanaotibu. Mpira usitupwe, una kazi yake, na ofisi nyingi zingefaidika na zile dakika mbili za Denmark kuliko viti vya bei mbaya. Lakini mgonjwa mwenye maumivu ya zaidi ya miezi mitatu, hasa aliyepata ajali au anayelalamikia kizunguzungu, apimwe kwanza. Anayekufa ganzi mikononi, anayepoteza nguvu za miguu au anayeumwa kichwa kikali cha ghafla apelekwe kwa daktari kabla ya zoezi lolote. Aliyepimwa akikutwa na kosa la zaidi ya nyuzi 4.5, aanze na usahihi: kukubali kwa kichwa, kurudi kwenye alama, macho na kichwa vikifanya kazi pamoja, mzigo ufuate baadaye. Asiyekutwa na kosa aruhusiwe kuvuta mpira wake kwa amani. Kwenye kadi za kliniki kuna nafasi ya kuandika maumivu kutoka 0 hadi 10. Ongezeni kando yake nafasi ya sentimita, muijaze siku ya kwanza na tena baada ya wiki sita. Karatasi yenye duara, utepe wa kupimia na taa ndogo ya leza iliyofungwa kwenye mkanda wa kichwa havingoji bajeti ya wizara.